Nyuki wa Mzee Barasa na Maua ya Mama Kariuki

Siku ile ya kuniaga mlinipa blanketi mbili na chupa ya chai, na mkuu wa kituo akasema mbele ya watu kwamba nimeitumikia nyasi ya nchi hii kwa uaminifu. Nilicheka moyoni. Nyasi haitumikiwi. Unaikata, unaikausha, unaipima, nayo inaota tena bila kukuuliza. Lakini baada ya chakula wawili wenu mlinifuata nyuma ya ghala mkaniuliza tulivyofanya kazi zamani, nami nikawaahidi kuandika. Sasa nimekaa nyumbani Kibabii, magoti yananiuma, kisingizio sina. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, mishahara haikutosha, na hayo mnayajua wenyewe.

Niliingia kituo cha utafiti wa malisho pale Kitale mwanzoni mwa miaka ya themanini, msichana mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima. Nilidhani nitapewa meza. Nilipewa mundu, fremu ya waya ya mraba na mifuko ya karatasi. Kazi ilikuwa kuirusha fremu shambani, kukata kila jani lililoangukia ndani yake, kutenganisha aina moja na nyingine, kukausha kwenye tanuri na kupima. Siku ya kwanza nilijifunza kwamba nyasi zote zinafanana. Kufikia mwisho wa juma nilikuwa nimeona kwamba hakuna hata mbili zinazofanana, na tangu hapo sijawahi kuvuka uwanja kwa amani kama watu wengine.

Aliyenifundisha ni Bwana Ochieng', fundi wa maabara aliyesimamia mambo ya wadudu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua kali. Alinipa chombo chetu cha kunasia wadudu wadogo: kichupa chenye mirija miwili, mmoja unauelekeza kwa mdudu, mwingine unauvuta kwa mdomo. Mrija wa mdomoni hufungwa kitambaa chepesi kwa ndani ili mdudu asifike kooni. Wangu haukuwa na kitambaa. Nikamvuta mdudu wa kijani anayenuka, na ladha yake nilikaa nayo hadi chakula cha jioni. Bwana Ochieng' alinitazama nikitema mate, akasema, "Sasa wewe hutasahau kitambaa." Kweli sijasahau, na ninyi wote niliowafundisha mnajua kwamba mimi nilikuwa na huruma kumshinda, maana niliwaambia mapema.

Alikuwa na sharti moja tu: ukae chini karibu na mmea kabla ya kuandika chochote. Kukaa kabisa, matako ardhini, umande ukuloweshe. Mimi nilikuwa na haraka ya vijana, naye alikuwa ananiambia, "Nekesa, wewe unaandika kabla nyasi haijakusalimia." Baadaye nilielewa alichotaka. Ukikaa, unaanza kuona kwamba kila mmea una wageni wake. Yupo anayekula majani, yupo anayenyonya utomvu, yupo anayepita tu, na yupo ambaye bila yeye mmea hauzai. Shida ni kwamba kwa macho wote wanafanana na wezi. "Uliza mmea," alikuwa akisema, "huyu ni mgeni wako ama ni mwizi wako? Na ungoje jibu. Hiyo jibu haitoki siku moja."

Katikati ya miaka ile viwavijeshi walituingilia. Mliokuwa wadogo hamjui sauti ile. Unasimama ukingoni mwa malisho na unasikia wanavyotafuna, kama mvua nyepesi inayoanguka kwenye majani makavu. Walikula mahindi machanga, walikula malisho ya nyasi za Rhodes hadi ardhi ikabaki uchi, na wakulima wakaja kituoni na nyuso ambazo sikupenda kuzitazama. Lakini kiwavijeshi ana mdomo wa kuchagua. Anakula jamii ya nyasi, na jamii ya maharagwe anaipita. Kwa hiyo katikati ya mashamba yale yaliyolimwa na midomo, vipande vya desmodiamu vilibaki kijani. Desmodiamu ni ule mmea unaotambaa, wenye majani matatumatatu na maua ya zambarau, ambao tulikuwa tunawabembeleza watu waupande pamoja na nyasi ili ng'ombe waongeze maziwa. Tulikuwa tumewabembeleza miaka mingi bila mafanikio. Viwavi walitufanyia kampeni kwa siku chache, kila mtu akataka mbegu, nasi mbegu hatukuwa nayo ya kutosha.

Ndipo tukaanza kuwatafuta wakulima wa kutuzalishia mbegu, na ndivyo nilivyomjua Mama Kariuki wa Kiminini.

Familia yake ilikuwa ya Wakikuyu kutoka upande wa Murang'a, wakanunua kipande cha ardhi kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika hadi barabarani, mchapakazi ambaye magugu yalimwogopa. Nusu ekari ya desmodiamu aliipanda kwa awamu mbili, upande wa chini kwanza, upande wa juu baadaye, kwa sababu mvua ilimkatiza. Jirani yake ng'ambo ya uzio alikuwa Mzee Barasa, Mbukusu kama mimi. Wanawe alikuwa amekwisha kuwagawia shamba. Yeye alijibakishia nyumba, mkuyu mmoja, na mizinga ya nyuki ya magogo aliyoichonga kwa mkono wake. Mgeni akifika kwake alipewa asali kwenye kisahani. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa mtu, na mizinga ile ndiyo iliyomfanya bado awe mwenye mji.

Mapema miaka ya tisini, desmodiamu ya upande wa chini ilipoanza kuchanua, Mama Kariuki alikuja kituoni kwa miguu, na hakunisalimia.

"Madam, nyuki ya huyo mzee inaniharibia shamba. Nimenunua dawa. Nimekuja tu kuuliza nipige asubuhi ama jioni."

"Dawa gani, Mama Kariuki?"

"Ile ya viwavi. Si itaua?"

Itaua, nikamwambia, na itaua vingi. Nikamwomba anipe siku moja nije nione. Alikubali kwa shingo upande.

Nilifika kabla umande haujakauka nikakaa chini, kama nilivyofundishwa. Naye akachuchumaa kando yangu na kanga kichwani, maana nyuki alikuwa anawaogopa kwelikweli, akanionyesha. Na alichonionyesha kilikuwa kweli. Ua la desmodiamu limejifunga kwa chini kama bahasha. Nyuki akitua na kusukuma kichwa, ile bahasha inafyatuka kama mtego, chavua inamrukia tumboni, na ua haliwezi kujifunga tena. Petali zinalegea. Kufikia saa sita mchana limenyauka. Ua ambalo nyuki hakulifikia linabaki zuri na wima hadi jioni.

"Umeona?" akasema Mama Kariuki. "Inaingia, inavunja, inaenda ingine. Mimi si mtu wa kusingizia mtu."

Bwana Ochieng' alikuwa ameniambia zamani kwamba kuvunjika kule ndiko kuzaa, kwamba ua la desmodiamu lisilofyatuliwa linabaki na uzuri wake bure. Nilimweleza Mama Kariuki. Akauliza, "Wewe ni mtu wa Kibabii, eeh?" Alikuwa na maana ya Mbukusu kama Mzee Barasa. Miaka ile ugomvi mdogo kati ya majirani wa makabila mawili ulikuwa rahisi kuota mkia, na wote wawili tulijua.

Naibu wa chifu naye alijua, ndiyo sababu aliitisha baraza haraka. Watu walijipanga wenyewe bila kuambiwa, hawa upande huu na wale upande ule, jambo lililonitia baridi. Mama Kariuki alisema lake. Mzee Barasa alisimama na fimbo yake akasema maneno machache tu.

"Mimi sijatuma nyuki kwa mtu. Nyuki inajiendea. Lakini kama inafanya vibaya, watu waseme."

"Madam," naibu akaniambia, "wewe ndio mtu wa serikali wa hizi mambo. Sema."

Mtu mmoja nyuma akadakia, "Atasema nini na huyo ni mzee wa kwao?"

Nikasema sitasema mimi, shamba litasema. Nitafunika sehemu ya upande wa chini kwa chandarua, nyuki asiingie, na sehemu iliyo kando yake iachwe wazi. Mwisho wa msimu tutazame zote mbili. Naibu alipenda wazo hilo kwa sababu lilimpa muda. Akaamua kwamba dawa isipigwe, na kama chandarua kitaonyesha kwamba nyuki ni waharibifu, mizinga yote itolewe Kiminini. Chandarua kilikuwa changu mwenyewe, kutoka kitandani kwangu. Serikali haikuwa na bajeti ya vyandarua vya maua, na mbu wa nyumba ya wafanyakazi walinifaidi msimu mzima.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo majaribio mengi hufia. Siku chache tu baada ya kufunika, ndani ya chandarua kulikuwa kama mapambo ya harusi. Maua yalijaa, ya zambarau, wima, hakuna lililolegea. Nje ya chandarua, kila adhuhuri palikuwa na maua yaliyonyauka. Habari zikaenea. Watu walikuja kutazama wakitoka kanisani, wengine na watoto mgongoni. Mama Kariuki alisimama kando ya chandarua mikono kiunoni kama mwenye ushindi.

Niliogopa. Nawaambia wazi. Niliyajua ya Bwana Ochieng' kwa kusikia, sikuwahi kuyaona kwa macho yangu, na yeye alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Usiku sikulala vizuri, na si mbu peke yao. Kila aliyeniuliza nilimjibu jambo moja: ua si mbegu, ngojeni. Walinitazama kama mtu anayetetea ndugu aliyeshikwa na kuku wa wizi mkononi.

Mzee Barasa alikuja kutazama peke yake asubuhi moja. Nilikuwa pale nikikagua kamba.

"Mulembe, kuka," nikamsalimu, kama tunavyomsalimu babu.

"Mulembe, mukhana," akaniita binti. Alivua kofia. Alizunguka chandarua polepole, akagusa wavu kwa kidole, akainama kutazama maua ya nje yaliyolala. Kisha akasema, "Mimi nimeona."

"Kuka, bado. Hii si mwisho. Ngoja mbegu."

"Nitangoja nini na macho iko? Mama wa watu amelima, amepalilia, sisi wote tumemuona. Ati nyuki yangu inakula jasho yake. Asali ya namna hiyo itapita kwa koo yangu aje?"

Nilimsihi. Nilimwambia baraza lilisema mwisho wa msimu. Nilimwambia hata Mama Kariuki mwenyewe amekubali kungoja. Alitikisa kichwa kwa upole, akaniuliza habari za mama yangu, akaenda zake. Hakuwa na hasira na mtu yeyote, na hilo ndilo lililonichoma. Kesho yake jioni, nyuki walipokwisha kuingia, alifukiza moshi, akaziba milango ya mizinga kwa majani, na mwanawe akaibeba kwenye pikapu hadi Kabuchai kwa mdogo wake. Mkuyu ukabaki mtupu. Watu wa upande mmoja walisema ni uungwana, wa upande mwingine walisema ni kukiri kosa. Naibu wa chifu alisema mambo yamejimaliza yenyewe, na nadhani alilala vizuri kuliko mimi.

Kisha, maua ya upande wa chini yakiwa yamekwisha, upande wa juu ukachanua. Ulichanua vizuri ajabu, bila chandarua, na maua yake yalikaa wima siku nzima. Mama Kariuki alikuwa akiimba akipalilia. Mimi nilipita kila juma na kuandika nilichokiona.

Mbegu ya desmodiamu hukaa kwenye ganda jembamba lenye vinywele vya kunata. Ikikomaa, hungoji mtu akuambie. Ukipita shambani inakuganda kwenye nguo, na kuitoa ni kazi ya jioni nzima. Siku naibu alipokuja kufunga jambo, watu walikuwa wachache, maana walidhani hakuna tena la kutazama. Nilimwomba aingie kwanza sehemu ya chini iliyokuwa wazi, ile ya maua yaliyonyauka. Akaingia na suruali yake nzuri ya kaki, akazunguka, akatoka. Suruali haikuonekana rangi. Ilikuwa imejaa maganda kutoka kifundo cha mguu hadi gotini.

"Hii ni nini, Madam?" akauliza, akijipangusa bila faida.

"Hiyo ndiyo mbegu. Sasa nitafungua chandarua. Ingia na hapo."

Nikamfunga gunia safi kiunoni kufunika maganda yale ya kwanza, akaingia. Akazunguka. Akatoka kama alivyoingia. Gunia halikushika hata ganda moja. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Mama Kariuki hakungoja kuambiwa. Alituacha tumesimama, akapanda upande wa juu kwa mwendo wa haraka, akaingia katikati ya mimea aliyokuwa akiiimbia. Tulimwona akipita mstari kwa mstari, akirudi, akipita tena, akivuta sketi yake na kuitazama. Maganda yalikuwapo machache tu ya kuokoteza, kazi ya nyuki wa porini waliobahatika kupita. Alipoteremka alipitia upande wa chini, na sketi ikajaa. Alisimama mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa muda mrefu kuwa sahihi, na sikufurahia hata kidogo.

"Madam," akasema, sauti yake ile ya barabarani ikiwa imepotea, "uko na gari?"

Landrova ya kituo ilikuwa nami. Tukateremka kwenda Kabuchai siku ileile, mashamba ya mahindi yakitupisha na miwa ikianza. Nilimwambia anaweza kutoa yale maganda kwenye sketi njiani. Akasema, "Wacha ikae."

Tulimkuta Mzee Barasa nyuma ya nyumba ya mdogo wake, akitengeneza mpini wa jembe. Mizinga ilikuwa imepangwa kwenye miti kandokando ya miwa. Alitukaribisha kwa viti, akaagiza chai, akauliza habari za Kiminini, za mvua, za Kariuki na masomo yake. Mama Kariuki alijibu yote, lakini hakuweza kuanza kusema lililomleta. Mzee akaiona sketi. Akasogeza kiti chake, akaanza kubandua maganda moja moja na kuyaweka kwenye kiganja, kama mzazi anavyomsafisha mtoto aliyetoka kuchunga.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa shamba yangu, mzee. Ile upande ya chini."

"Na ile ya juu?"

"Ya juu haina kitu. Hiyo ilitoa maua nyuki yako ikiwa imeshaenda."

Aliendelea kubandua. "Kwa hivyo hii ni kazi yao."

"Ni yao. Madam alisema, mimi nikakataa. Mimi ndio nilikosea, si wao. Nimekuja kukuomba uwarudishe."

Mzee Barasa alikitazama kiganja chake kilichojaa. 

"Kurudisha si shida," akasema mwishowe. "Vile ng'ombe ya ndugu yangu inarudi nyumbani jioni, na nyuki yangu pia itarudi. Shida ni moja. Ile jioni nikiwafungia, niliwaambia wamekosa. Walikuwa wananguruma ndani ya gari na mimi nawagombeza, ati mmeniaibisha kwa watu. Nimewagombeza kutoka Kiminini mpaka hapa." Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Na wao walikuwa wanafanya kazi."

Hakuwa anatania.  

Mama Kariuki aliinuka. Alifungua ile kanga aliyokuwa amejifunika kichwani kila nilipomwona karibu na nyuki, akaiweka kwenye kiti. Akatembea hadi kwenye mzinga wa kwanza, akasimama karibu kiasi kwamba nyuki walimpita mabegani, akaanza kusema nao kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebisha hodi kwa watu wakubwa kuomba radhi. Mimi sijui Kikuyu, na Mzee Barasa hajui. Alipomaliza hapo alienda kwenye mzinga wa pili, kisha wa tatu, na hakuuruka hata mmoja. Mzee alivua kofia yake akasimama, akangoja mpaka alipofika wa mwisho.